Kuacha Ngano: Kapime Kwanza, Kisha Tuingie Jikoni

SALIM: Karibuni kwenye kipindi. Mimi ni Salim, upande wa mapishi, na niko na dada Mwanaidi, upande wa lishe. Leo tunazungumzia kuacha ngano. Wapo wanaoiacha kwa ajili ya tumbo, wapo wanaoiacha kwa ajili ya kitambi. Dada Mwanaidi, mtu ameamua kesho asubuhi haigusi tena. Unamwambia nini?

MWANAIDI: Kama ni tumbo, namwambia asubiri kidogo. Anayeharisha kila mara, anayejaa gesi, anayepungua uzito bila sababu, mwenye upungufu wa damu usiopona hata akimeza vidonge vya madini ya chuma, au mtoto asiyekua vizuri, huyo akapimwe akiwa bado anakula ngano. Anatafutiwa ugonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili inaushambulia utumbo kwa sababu ya gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitoa kwa sababu ya gluteni. Ukiikata, zinashuka, majibu yanakuja mazuri, na ugonjwa unao vilevile.

SALIM: Na yule aliyekwisha kuacha miezi mitatu iliyopita?

MWANAIDI: Azungumze na daktari, maana itabidi aile tena. Kwa kawaida watu wazima huambiwa wale kiasi cha slesi mbili za mkate kwa siku, kwa wiki sita hadi nane, ndipo wapimwe. Kipimo kinaitwa tTG-IgA. Kiombwe pamoja na IgA ya jumla, kwa sababu IgA ni aina ya kingamwili, na wapo watu ambao miili yao haiitengenezi ya kutosha, na kwao majibu ya chini hayathibitishi chochote. Kingamwili zikiwa juu, mtu mzima hupelekwa kwenye endoskopi, yaani huingizwa mrija wenye kamera kupitia mdomoni, zikachukuliwa nyama ndogondogo mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Pale ndani kuna vinyuzi vinavyofyonza chakula. Kwa mgonjwa wa siliaki vinakuwa vimelala, ukuta umekuwa tambarare. Ndiyo maana anakula vizuri lakini damu haiongezeki.

SALIM: Ugonjwa huu ni wa watu wangapi?

MWANAIDI: Duniani ni kama mtu mmoja katika kila mia. Ukiwa na mzazi, ndugu wa damu au mtoto mwenye nao, uwezekano wako unapanda hadi karibu mmoja kati ya kumi. Wenye kisukari aina ya kwanza nao wapimwe. Aliyetufungua macho kuhusu ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alianza kuishuku ngano miaka ya 1930. Halafu ikaja baridi ya 1944 kuingia 1945, Uholanzi ikakumbwa na njaa ya vita, mkate ukaadimika. Uhusiano aliokuwa akiushuku ukazidi kumdhihirikia. Tasnifu yake ilitoka mwaka 1950.

SALIM: Sasa kuna mtu kapimwa, hana siliaki, lakini akila chapati tumbo linamvimba. Huyu anasingizia?

MWANAIDI: Hasingizii hata kidogo, ila huenda anailaumu gluteni bure. Ngano ina kitu kingine kinaitwa fruktani, aina ya wanga ambao utumbo mwembamba hauwezi kuusaga. Unateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, gesi inajaa. Utafiti wa Oslo, Norway, uliotoka mwaka 2018 ulichukua watu 59 waliokuwa wamejikatia gluteni wenyewe na ambao hawana siliaki. Walipewa vitafunio vya aina tatu bila kujua kilichomo: vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote kati ya hivyo, kila aina siku saba. Waliolalamika zaidi ni walipokula fruktani. Na fruktani imejaa kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu. Mtu anaacha mkate, anaendelea na mchuzi wenye vitunguu vitatu, anashangaa mbona hajapona.

SALIM: Kwa hiyo ajaribuje?

MWANAIDI: Wiki tatu aondoe ngano pamoja na vitunguu vyote viwili. Nyama na mboga aziunge kwa tangawizi, bizari, nyanya na yale majani mabichi ya kitunguu, maana fruktani imekaa kwenye kichwa chake cheupe. Akipata nafuu, arudishe kitunguu peke yake siku tatu, aone. Kisha ngano peke yake siku tatu. Asirudishe vyote siku moja, hatajua mchawi ni nani. Wapo wengi wanaogundua kuwa slesi moja haiwasumbui, tatu ndizo zinazowalaza.

SALIM: Tuje kwenye kitambi, maana hapo ndipo wengi walipo.

MWANAIDI: Gluteni ni protini, haimnenepeshi mtu. Tuihesabu chapati. Unga wa gramu 60 ni kama kalori 220. Mafuta ya kukandia na ya kupaka, tuseme gramu 10 tu, kalori 90. Chapati moja imefika 310. Chukua mbili, na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, umeshavuka 700 na bado ni asubuhi. Ukiacha hayo unapungua, lakini kilichokupunguza ni mafuta, sukari na kiasi cha unga. Unga wa ngano una kalori 364 kwa gramu 100, sembe na mchele ni kama 360. Aliyehamia kwenye bonge kubwa zaidi la ugali hajabadilisha kitu.

SALIM: Na vitumbua? Wengi wanaviona ndiyo wokovu, kwa vile ni mchele.

MWANAIDI: Kwa mgonjwa wa siliaki ni sawa kabisa. Kwa anayepunguza uzito, mle kuna mchele, tui, sukari na mafuta. Mizani itabaki palepale. Afadhali viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200, ni kama kalori 170, mayai mawili, na chai ya maziwa bila sukari. Hapo uko karibu nusu ya ile ya mwanzo, na hutaona njaa mapema kwa sababu ya protini ya mayai. Jambo jingine: ile kilo moja au mbili inayokatika wiki ya kwanza sehemu kubwa ni maji. Mwili ukitumia akiba yake ya wanga, kila gramu inaondoka na gramu kama tatu za maji. Wiki ya tatu mizani ikisimama watu wanakata tamaa, kumbe mafuta yanapungua, ila polepole.

SALIM: Kuna madhara ya kuacha?

MWANAIDI: Choo kigumu, hasa ukihamia wali mweupe na sembe. Weka dona, maharage, kunde, mboga za majani. Na wanawake wanaotarajia kushika mimba wasikilize hapa: unga wa ngano wa viwandani huongezwa foliki, vitamini anayoihitaji mtoto tumboni, na madini ya chuma, Kenya ni lazima tangu 2012. Ukiuacha ukahamia mchele na muhogo, ile foliki imekwenda. Meza mikrogramu 400 kila siku, na usisubiri mimba itunge.

SALIM: Upande wangu sasa. Kwa mgonjwa wa siliaki, mkate na maandazi anavijua. Hatari iko kwenye vile asivyovidhania. Urojo wa Unguja, ule mchuzi wenyewe unafanywa mzito kwa unga wa ngano. Boko boko ni ngano nzima na nyama. Viazi karai vya Mombasa, wengine wanachovya kwenye unga wa dengu, wengine ngano, wengine wanachanganya, kwa hiyo uliza. Kababu na katlesi mara nyingi zina chenga za mkate. Soseji, sosi ya soya, tambi, bia ya shayiri. Hata hingi, yaani mvuje, ya dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano. Na unga wa lishe wa uji, ule wa nafaka saba, soma paketi: ngano imo mara nyingi.

MWANAIDI: Na mashine ya kusaga, Salim.

SALIM: Hiyo ndiyo inayowaangusha walio makini. Ulezi wako ni safi, lakini mteja aliyekutangulia kasaga ngano. Kilo za mwanzo zinatoka zimechanganyika. Nenda kwenye mashine isiyopokea ngano kabisa, au nunua blenda kavu ya nyumbani. Na karai: mafuta yaliyokaangia maandazi hayafai kukaangia mihogo ya mgonjwa. Kibao na mpini wa kusukumia ni mti, unga unajificha kwenye nyufa. Awe na vyake.

MWANAIDI: Watu wanadhani tunatia chumvi. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Slesi moja ya mkate ina gluteni kama gramu mbili, na wengi wa wagonjwa hawa huvumilia hadi kama miligramu 10 kwa siku. Igawe ile slesi vipande mia mbili: kimoja tu ndicho kinachomtosha kutwa nzima.

SALIM: Chapati ya mtama nataka niieleze taratibu, kwa sababu wengi hujaribu mara moja wakaacha. Ngano inavutika kwa sababu ya gluteni. Mtama hauna, kwa hiyo lazima uuunganishe kwa kupika wanga wake. Chemsha kikombe kimoja cha maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha mafuta. Yakitokota hasa, epua, mimina kikombe kimoja cha unga wa mtama na robo kikombe cha unga wa muhogo, koroga kwa mwiko, funika dakika kumi. Kanda ungali moto kiasi mkono unachoweza kuvumilia, dakika tano nzima, mpaka ulainike. Ukiona mkavu, lowanisha viganja tu, usimwage maji. Madonge saba au manane. Weka donge kati ya vipande viwili vya nailoni safi, sukuma hadi upana wa kisosi. Chuma kikavu, moto wa kati. Upande wa juu pangusa maji kwa vidole, yakikauka geuza. Ikivimba, imeiva.

MWANAIDI: Kingo zikipasuka?

SALIM: Maji hayakutokota, au unga umekauka. Ukiwa na ladha chungu, ni mkuukuu: unga wa mtama una mafuta yake, yanachacha. Saga kidogo wa wiki mbili, hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa. Na chapati hizi zifunge kwa kitambaa zingali moto, zikipoa wazi zinakuwa ngumu.

MWANAIDI: Kwa yule aliyethibitishwa ana siliaki, arudie kipimo cha kingamwili baada ya miezi sita, kisha mwaka. Zikiwa hazishuki, tusikimbilie dawa. Tukae naye tupitie siku yake ya chakula, kuanzia kichujio cha chai hadi kwa mama lishe anakonunua wali, tujue ngano inaingilia wapi.