Kabla ya Kupanda Boti Kufuata Simu

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa skuli, Chake Chake, Pemba

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni. Walimu na vijana, hamjambo.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie namna ya kulinganisha simu za juu za Android kabla mtu hajatoa fedha yake. Nimekubali mara moja, maana mimi ni fundi, na simu hunifikia zikiwa zimeshanunuliwa. Wakati huo ushauri haufai tena, ninabaki kumtajia mtu bei ya kioo. Kila karafuu zikishauzwa, wiki mbili tatu baadaye ninawapokea vijana waliopanda boti Mkoani, wakenda madukani Darajani, Unguja, wakarudi na simu ya mamilioni. Na kasoro iliyomo ndani ya simu ile ingeonekana palepale dukani kwa dakika kumi. Kuirudisha ni nauli nyingine ya boti na siku mbili za kazi zimepotea. Fedha ile ni ya baba aliyepanda mkarafuu na mama aliyechambua majamvini. Inaniuma.

Nitachukua mfano wa simu nne. Samsung Galaxy S24 Ultra, OnePlus 12 na Xiaomi 14, zote zilizoingia soko la dunia mwanzoni mwa 2024, na Google Pixel 8 iliyotangulia kidogo, Oktoba 2023. Nimeziacha za mwaka huu kwa makusudi, kwa sababu hizi ndizo zinazotufikia sasa kwa bei ya kushikika, nyingi zikiwa zimeshatumika Dubai. Zilipotoka, Ultra iliuzwa Marekani kwa dola 1,299 na Pixel 8 kwa dola 699, kwa hivyo hata bei zao hazikuwa za daraja moja. Lakini njia ya kuzipima ni ileile, na mtaitumia kwa simu yoyote.

Vijana hupenda kuanza na prosesa, yaani ubongo wa simu, basi na mimi nianzie hapo nimalize. Tatu kati ya hizi zinatumia Snapdragon 8 Gen 3. Pixel inatumia Tensor G3, iliyo nyuma yake katika michezo mizito. Anayecheza michezo hiyo saa nzima achukue moja ya hizo tatu. Kwa WhatsApp, kwa darasa la mtandaoni, kwa kutuma fedha, hutaijua tofauti. Tusonge mbele.

Swali langu la kwanza kwa mnunuzi ni hili: simu hii itaishi wapi? Itaishi Pemba. Itakaa mfuko wa shati kwenye dau, itawekwa juu ya meza ya marikiti ya samaki, itapigiwa simu juani. Sasa tazameni kitu kinachoitwa IP. Ultra, Pixel 8 na Xiaomi 14 zina IP68. OnePlus 12 ina IP65. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii. Tarakimu ya pili ni maji. Hiyo 5 ni maji ya kurushiwa, kama ya mpira wa bustani. Hiyo 8 ni kuzama. Samsung wanasema mita moja na nusu kwa muda usiozidi nusu saa. Lakini someni na maneno yanayofuata: maji matamu. Jaribio hilo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, na kampuni zenyewe zinasema simu isiogelewe nayo baharini.

Nikufungulieni simu moja mbele yenu kwa maneno. Kijana wa pwani aliniletea simu ya IP68, karibu mpya, ilikuwa haichaji. Nilipoondoa mgongo, gundi ya pembeni ilikuwa nzima, ndani pakavu kabisa. Nikamulika tundu la chaji. Vile vijino vya dhahabu vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, na vijino viwili vya katikati vimelika vikawa kama meno ya mzee. Simu haikuzama hata siku moja. Alikuwa akitoka kuvua, mkono una maji ya chumvi, anachomeka chaja. Chumvi na umeme vikikutana juu ya shaba, shaba inaliwa. Nilibadilisha tundu lile, lakini gundi ya mgongo ikishafunguliwa, hiyo IP68 imekwisha mpaka fundi aweke gundi mpya ya kiwanda, na hata hapo mimi sikupi ahadi.

Kwa hivyo mtu wa bahari asidanganywe na namba. Simu ikiingia maji ya chumvi, izime, isuuze kwa maji matamu kidogo ikiwa haijawahi kufunguliwa, ikaushe kivulini, na usiichomeke mpaka kesho yake. Mchele uacheni jikoni, hauvuti chumvi.

Sasa kamera, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapotolewa fedha nyingi kwa namba moja. Ultra ina megapikseli 200, yaani vinukta milioni 200 vya kupokea mwanga. Pixel 8 ina 50. Mtu akisikia hivyo anaona jambo limekwisha. Hebu fikirini mnakinga mvua. Umepanga vikombe vidogo 200 uani, jirani amepanga mabakuli 50. Mvua ikiwa kubwa, nyote mtajaza. Ikiwa manyunyu, kila kikombe kitapata tone, na matone hayo hayakufai kitu. Mwanga ndiyo mvua, na jioni barazani ni manyunyu. Ndiyo maana Ultra yenyewe, ukipiga picha ya kawaida, haikupi megapikseli 200. Inavimimina vikombe 16 katika ndoo moja, na picha inatoka na megapikseli 12. Hizo 200 utazipata ukizichagua mwenyewe, mchana kweupe, na picha moja itakula nafasi kubwa. Nafasi nayo ina mipaka, kwa sababu katika simu zote nne hakuna hata moja inayopokea kadi ya memori. Chukueni yenye nafasi ya GB 256, msishuke hapo.

Penye Ultra pana faida ya kweli ni kuvuta mbali. Ina lenzi mbili za kuvutia, moja mara tatu na nyingine mara tano. Pixel 8 haina hata moja, inakata picha tu na kuikuza. Kwa mwalimu anayepiga picha ubao akiwa nyuma ya darasa, au anayetaka kuyaona mashindano ya ng'ombe bila kusogea karibu, lenzi ile ni ya kulipiwa.

Lakini kuna kipimo ambacho hakimo katika karatasi yoyote ya dukani, nacho ni uso wa mtu wetu. Siku moja nilimpiga picha bibi yangu barazani, baada ya alasiri, amejifunga kanga, jua liko nyuma yake. Nilikuwa na simu mbili za wateja. Ya kwanza ilimtoa mweupe, mikunjo imefutwa, kama mtu aliyepakwa liwa akasahau kuiosha. Ya pili ilimtoa alivyo: ngozi yake ya rangi ya kahawa, na ule mstari mwembamba alionao juu ya nyusi tangu utotoni. Bibi aliitazama ya kwanza akauliza, "Huyu nani?" Wallahi sitalisahau neno lile. Simu ile haikuwa mbovu, ilikuwa ya bei kubwa. Ilifundishwa kuona nyuso za watu wengine.

Google walilifanyia kazi jambo hili waziwazi tangu Pixel 6, mwaka 2021, wakaliita Real Tone: kamera ifundishwe kwa picha za watu wa rangi zote ili ngozi nyeusi isifanywe jivu. Kwa nyuso zetu, katika simu nne hizi, mimi naiweka Pixel mbele. Xiaomi 14 ina lenzi zilizoandikwa Leica na OnePlus 12 ina jina la Hasselblad, na rangi zao zinapendeza, lakini majina hayo ya kampuni za kamera yasikununueni. Mkiwa dukani mpigeni picha mtu mweusi kuliko wote waliopo, kivulini, mlango ukiwa nyuma yake. Kwanza zimeni kile cha kurembesha uso. Kisha mwulizeni mwenye uso.

Jambo la laini. Hapa kila mtu ana laini mbili, moja ya kupigia jamaa, nyingine ya kupokelea fedha. Ultra ya soko letu inaingia kadi mbili, OnePlus na Xiaomi vilevile. Pixel 8 ina tundu moja tu la kadi, ya pili lazima iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi, basi ulizeni kwanza mtandao wenu kabla hamjatoa fedha. Na kwa Samsung, tazameni herufi ya mwisho ya modeli. Ultra ya kimataifa ni SM-S928B. Ukikuta U mwishoni, ni ya Marekani, na huenda imefungwa kwa mtandao wa huko. Ukikuta N, ni ya Korea, na kamera yake huenda ikalia kila ukipiga picha, hata msibani, ikawa huwezi kuinyamazisha kwenye mipangilio. Tena mdogo wake, Galaxy S24 yenyewe, Marekani anakuja na prosesa ya Snapdragon na kwetu anakuja na ya Exynos 2400. Jina moja, moyo mbalimbali. Anayekusomea sifa za simu ya Marekani huku anakuuzia ya huku, mwambie akusomee ya huku.

Umri. Hili ndilo ninalowasihi mlishike. Samsung wameahidi S24 masasisho ya miaka saba, Google vilevile kwa Pixel 8. OnePlus 12 na Xiaomi 14 zina ahadi ya matoleo manne mapya ya Android na miaka mitano ya masasisho ya ulinzi. Miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipotoka, haihesabiwi tangu wewe ulipoinunua. Kwa hivyo Ultra inafika 2031, Pixel 8 inafika 2030, hizo mbili zinafika kiasi cha 2029. Baada ya hapo simu itawaka, lakini mlango wake hauna kitasa kipya, na ndimo zilimo fedha zako na picha za watoto. Mkarafuu hauzai sana kila mwaka. Mwenye kununua kwa fedha za msimu mkubwa anunue simu itakayofika msimu mkubwa mwengine.

Chaji sitaiongezea mengi. OnePlus 12 inafika wati 100 na Xiaomi 14 wati 90, Ultra 45, Pixel 8 chini ya hapo. Kasi ile kubwa inataka chaja na waya wa kampuni ileile. Chaja ikipotea ukachomeka nyingine, mwendo unapungua sana. Samsung na Pixel hazina chaja ndani ya boksi, kwa hivyo anayekuambia "chaja yake orijino ya boksini" kwa Ultra, mwangalie vizuri.

Na kioo. Google hawauzi Pixel rasmi Tanzania. Kioo chake mimi nakiagiza, na mteja husubiri. Kioo cha Samsung nitakipata Unguja. Ghali, lakini kipo.

Mkiwa dukani, fanyeni haya bila haya. Pigeni *#06#, namba ya IMEI itokee, yaani namba ya utambulisho wa simu, ilinganisheni na ya boksi, kisha itumeni kwa ujumbe kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, watakujibu ni simu gani. Mnakumbuka Juni 2016 simu bandia zilivyozimwa nchi nzima. Ikiwa ni Samsung, pigeni *#0*#, kisha bonyezeni vitufe vya rangi kimoja kimoja, kioo kitageuka chekundu, kijani, buluu. Tafuteni mstari mwembamba au kivuli cha maandishi kilichogoma kutoka. Kisha mwambieni mwenye duka aifute simu yote kupitia mipangilio mbele yenu, na muiwashe upya mpaka mwisho. Ikiuliza akaunti ya mtu mwengine, iacheni hapo mezani. Na ya mkopo ambao haujalipwa hufungwa kwa mbali, hata ukiwa umeshavuka bahari nayo.

Naam, Bi, nakuona umeinua mkono. Karibu.

Bi mwalimu anauliza: yeye anasomesha, anapiga picha wajukuu, michezo hachezi. Ana fedha ya Ultra iliyotumika au ya Pixel 8 mpya. Achukue ipi?

Ahsante, mwalimu wangu. Kwa picha za wajukuu ningekwambia Pixel, na mkono wako utapumua, maana ina gramu 187 na Ultra ina 232. Lakini niruhusu nikuulize na mimi. Hiyo uliyonayo sasa imeshaanguka mara ngapi? Anasema mara tatu, na kioo amebadilisha mara mbili. Basi mwalimu, chukua Ultra, maana kioo chake kipo Unguja, ipate kava nene, na kabla hujalipa ishike mkononi dakika tano kama unavyomshika mjukuu unapompiga picha. Mkono ukichoka, rudi kwangu tuzungumze upya.

Sasa naomba kila mmoja atoe simu yake, apige *#06#, na aandike namba ya kwanza kwenye karatasi. Tuanze na safu hii ya mbele, vijana wa nyuma wasaidieni wazee.