Mfarishi Wako Unashikwa na Nani?

Mabibi na mabwana, karibuni. Hata sijafika hapa mbele nimeshaulizwa mlangoni: "Mwalimu, tushone na fremu au bila fremu?" Nami nikauliza: kitambaa chako kinashikwa na nani?

Mfarishi ni tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba katikati, bitana chini. Bitana huteleza, pamba hujikunyata, na kile cha juu kikiwa kimekatwa mshazari huvutika ukikigusa tu. Kabla sindano haijaingia, lazima pawe na kitu cha kuzizuia zisikimbiane. Ama ni fremu, ama ni bandi, yaani mishono mirefu ya muda, na vidole vyako.

Fremu tunayoizungumzia ni pete mbili za mbao, moja ndani ya nyingine, na skrubu ya kukazia. Ubavu wake ni mnene kuliko ule wa fremu ya kudarizia, maana inabana unene wa tabaka zote tatu. Wengi hutumia ya inchi 14. Sasa, sisi tuliotangulia kudarizi ndio tunaoharibu. Mimi siku ya kwanza nilikaza kitambaa mpaka kikalia kama ngoma, nikavunja sindano mbili kabla ua moja halijaisha. Mfarishi hautaki ngoma. Ukishaubana, bonyeza katikati kwa kiganja mpaka patokee kibonde, ndipo ukaze skrubu.

Sababu yake iko chini, mahali msipopaona. Mkono mmoja unakaa chini ya fremu unangoja ncha. Ikigusa ngozi tu, kidole kinasukuma kitambaa juu kiwe kama kichuguu. Hapo mkono wa juu, wenye subana, kile kikofia cha kukinga kidole, kwenye kidole cha kati, unailaza sindano, na ncha inachomoza tena. Inama, inuka, inama, inuka, mpaka sindano ibebe mishono mitatu au minne ndipo uvute uzi. Kitambaa kilichokazwa hakitoi kichuguu. (Ndiyo, kidole cha chini kitachomwa. Damu ikidondoka, osheni kwa maji baridi papo hapo, kamwe si ya moto.)

Bila fremu, mzigo wote unahamia kwenye bandi. Pigeni mistari ya bandi karibu karibu, nafasi isizidi upana wa kiganja, na msione uvivu. Hizo saa mbili za bandi ndizo fremu yenu. Shoneni kutoka katikati kwenda pembeni ili kitambaa kilicholegea kisukumwe nje. Hapa sindano haiinami sana: vidole ndivyo vinavyokilisha kitambaa kwenye ncha, mkunjo baada ya mkunjo. Washonaji wa mishono ya jadi, ya kantha kule Bengal na ya sashiko kule Japani, wamefanya hivyo miaka mingi bila pete yoyote. Adui ni kuvuta uzi kupita kiasi. Kila ukivuta, pitisha kidole gumba juu ya mstari uunyooshe, na pindua mara kwa mara uangalie bitana.

Sindano iwe fupi kwa njia zote mbili, na kumbukeni nambari ikipanda sindano inapungua: anayeanza achukue ya 8, ya 10 itamngoja. Mtasikia watu wakijisifu mishono kumi kwa inchi. Mimi naipenda mitano iliyo sawa kuliko kumi inayopepesuka.

Mimi mwenyewe? Kitu kidogo nakishona magotini bila fremu. Pembezoni pia, kwa sababu pete haishiki ukingo mpaka uunganishe kwanza ukanda wa kitambaa cha muda. Mfarishi wa kitanda wenye pamba nene naufunga kwenye fremu. Ila nikiacha kazi jioni pete inatoka, hata kama umebaki mshono mmoja. Niliwahi kuiacha wiki nzima, na duara lile lilionekana hata baada ya kufua.

Haya, subana zitoke mikobani. Nani anaanza na bandi?