Bajeti ya Kuvuka Bahari kwa Boti ya Matanga
(Mhadhara uliotolewa Goma)

Wamama, wababa na vijana, karibuni.

Safari ya boti kutoka hapa Goma hadi Bukavu mnaijua: kilomita kama 100. Kutoka Visiwa vya Kanari, karibu na pwani ya Afrika kaskazini-magharibi, hadi visiwa vya Karibi ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, njia inayopendwa na wenye matanga, ni maili za bahari 2,700, yaani kilomita 5,000, tena bila bandari mkienda moja kwa moja. Kwa hiyo ninawasihi: anzeni kuhesabu siku, bei ya boti ifuate.

Boti ya mita 12 ikienda maili 5 kwa saa, usiku na mchana, inapata maili 120 kwa siku. Hizo ni siku 23. Pangeni 35, kwa sababu upepo hutulia. Watu 4, kila mmoja lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia: lita 560. Hapa Kivu maji yako ubavuni mwa mtumbwi. Baharini mnayo yale mliyobeba tu. Yagaweni katika matangi mawili na mabidoni, maana tangi likiingiwa na chumvi limekwisha. Bidoni zisijae hadi mdomoni. Zikiwa na hewa kidogo zitaelea mkilazimika kuihama boti.

Kuna wanaosema, upepo ukikosa tutawasha mota. Lita 200 za mazutu, mota ikinywa lita 2.5 kwa saa, ni saa 80: maili 400. Hata robo ya njia hamfiki! Mazutu hayo yawekeni kwa kuchaji betri na kuingia bandarini. Tena wimbi hutibua uchafu na maji yaliyotuama chini ya tangi, filta ikaziba, mota ikazimika wakati mbaya kabisa. Safisheni tangi kabla ya kuondoka, na mbebe filta za akiba.

Adui mkubwa ni msuguano. Kamba inayokaa kwenye kapi mahali palepale siku kwa siku hukatika. Isogezeni kidogo kila asubuhi. Nyaya zinazoshika mlingoti zipanguseni kwa kitambaa kwenye maungio. Uzi mmoja wa waya uliokatika ukikinasa kitambaa, waya wote ubadilishwe. Zikifika miaka 10 hadi 15, badilisheni zote. Hapa ndipo watu hubana pesa, na hapa ndipo milingoti huanguka.

Kila tundu la boti lililo chini ya maji lifungiwe kizibo cha mbao kando ya vali yake, tayari kuliziba vali ikivunjika. Tundu la sentimita 4, nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ya mkono haiwezi.

Matengenezo ya mwaka hukadiriwa kuwa asilimia 10 ya thamani ya boti. Mwenye dola 40,000 asinunue boti ya 40,000. Atafute ya 25,000. Zinazobaki ni za nyaya, matanga, chelezo cha kuokolea kilichokaguliwa, kifaa cha redio cha kuita msaada kupitia setilaiti (cha 406 MHz), chakula na bima.

Msimu wa vimbunga huko Karibi ni Juni hadi Novemba, basi kuondoka ni mwisho wa Novemba au Desemba. Mkiwahi kufika Kanari, ada ya kungoja bandarini nayo iingie katika hesabu.