Bei ya chakula changu cha bethdei London, na kwa nini nililipa

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu mambo zenu. Nipo likizo Dar, hapa Mbagala kwa mama, kwa hiyo mkisikia bodaboda zikipita mnivumilie. Video hii sikutaka kuifanya. Ila tangu niweke zile picha za bethdei, nikiwa nakula mgahawani London, swali ni lile lile kila siku: ulilipa shilingi ngapi, na ulishiba? Hata shangazi yangu jana kaniuliza, picha anayo kwenye simu.

Haya, bei naitaja. Najua kuna atakayesema najimwambafai. Nisipoitaja mtasema nimelipiwa na mzee wa Kizungu, maana hilo nalo limeshaandikwa. Nimelipa mwenyewe.

Pale huagizi. Mpishi ndiye anayepanga, wewe unaletewa kidogo kidogo, sahani tisa, zaidi ya saa tatu umekaa. Hiyo peke yake ni paundi 110. Juisi na maji, paundi 19. Halafu wanaongeza asilimia 12.5 ya huduma. Bili ikaja paundi 145 na senti zake, kwa hela yetu karibu laki tano. Sasa pigeni hesabu: kima cha chini cha mshahara Uingereza kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Ile bili ni zamu nzima ya usiku, saa kumi na mbili, kabla ya kodi. Kazi yangu kule ni kutunza wazee: usiku mzima wa kuwageuza vitandani, kubadilisha mashuka, kuandika kila glasi ya maji aliyokunywa mtu. Uzito wa hela hiyo naujua mimi.

Ile asilimia ya huduma unaweza kuikataa, ni haki yako. Mimi niliilipa. Sheria iliyoanza Oktoba 2024 inamlazimisha mwajiri awape wafanyakazi tipu yote, asijikatie chochote. Na pale nilipokaa nilikuwa naona jikoni. Kijana aliyekuwa anaosha masufuria ni Mwafrika mwenzetu, mvuke umemjaa usoni, hanyanyui kichwa. Nami nilianzia kwenye masinki. Ningekataaje?

Halafu mmeandika sana, "mama yako anakula dagaa wewe unakula maua." Hilo limeniuma, kwa hiyo nalijibu. Ile meza ilikuwa ya watu wawili. Niliibuku kwa ajili yangu na mama. Tuliomba viza ya matembezi, paundi 127, nikamtumia barua ya mwaliko, taarifa za benki, hati ya nyumba hii mnayoiona hapa nyuma yangu. Mama kaenda mjini kuchukuliwa alama za vidole, kavaa kitenge kipya. Jibu likaja: hawajaridhika kwamba atarudi Tanzania. Mtu ana nyumba, ana biashara ya vitenge Kariakoo, ana wajukuu! Ada hairudishwi, na kwa viza ya aina hiyo hakuna rufaa ya kukaa mbele ya mtu ukajieleza. Unaomba upya, unalipa upya. Mgahawani walikuwa wameshashika hela kwenye kadi yangu, nikapiga simu mapema wakapunguza kiti kimoja. Ndiyo maana kwenye picha nipo peke yangu. Sikuachwa na mtu.

Na kwa kuwa nimegusa viza: wale mnaoniuliza kuhusu kazi ya kutunza wazee, sikilizeni. Tangu Machi 2024 anayeingia kwa viza hiyo haruhusiwi kuleta mume wala watoto. Na tangu tarehe 22 Julai 2025 wamefunga kabisa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ya nchi. Wakala anayekuomba milioni leo kwa kazi hiyo anakuibia. Usimpe.

Turudi mezani. Nilipobuku niliandika sili nguruwe na sitaki pombe hata kwenye mchuzi. Walizingatia, kila sahani ikija mhudumu ananieleza walichobadilisha. Sahani ya nne ilikuwa pweza. Mkono mmoja tu, umepikwa taratibu kwa saa nyingi kisha ukababuliwa motoni, ngozi inakwaruza ulimi kidogo, ndani laini. Mchuzi unamiminiwa mbele yako kutoka kwenye kibirika, na sahani yenyewe ni ya moto ili chakula kisipoe. Pweza nimemla tangu utotoni, wa jioni pale stendi, wa kijiti na pilipili. Huyu nilimla polepole mpaka nikasikia machozi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nahudumiwa.

Na ndiyo, nilishiba. Kuna mkate na siagi katikati.

Msiseme ni mambo ya Wazungu tu. Mnaniuliza pia kuhusu nyota wanazopewa migahawa bora; hizo ni za Michelin, kampuni ya matairi ya Ufaransa, wamezitoa tangu 1926. Februari 2024 Adejoké Bakare, Mnigeria, alipata moja kwa mgahawa wake Chishuru pale London, kwa chakula cha Afrika Magharibi. Mwanamke mweusi wa kwanza Uingereza kuipata. Pilau letu nalo linastahili kuliwa hivyo, naamini kabisa.

Huku tunachanga laki moja kwa kadi ya harusi, tunakula ubwabwa na soda, na hakuna anayeitwa mwenye kuringa. Mimi nimejichangia. Lakini simshauri mtu afuate. Una ada ya mtoto, una kodi ya nyumba, hali yako unaijua wewe. Kama unaishi kule na una hamu, ulizia menyu ya mchana, mara nyingi ni rahisi zaidi, na soma masharti ya kughairi kabla hujatoa namba ya kadi.

Jina la mgahawa sitaji, sijalipwa kuwatangaza. Kuhusu mama, tunaomba tena, safari hii na leseni yake ya biashara na risiti za kodi za TRA. Video ijayo nitawaonyesha karatasi moja moja, ila namba nitazifunika.