Maini Yatoa Povu, Bitiruti Yavuja Rangi: Jaribio la Seli Jikoni

Haya, wadogo zangu wa kidato cha tano na yeyote aliyepita hapa, karibuni jikoni kwangu Tabata. Feni nimeizima ili mnisikie vizuri, kwa hiyo jasho mtakaloliona ni la Dar, si la woga.

Andaa maini mabichi kidogo, bitiruti moja, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Hakikisha chupa si ya zamani. Yangu ya kwanza niliiacha dirishani wazi miezi mingi; nikarekodi nusu saa nzima ya maini yaliyolala kwenye maji.

Mimina vijiko viwili vya peroksaidi kwenye glasi. Kimya, sivyo? Kumbe inavunjika kuwa maji na oksijeni, na nishati inatoka, ila polepole mno. Chukua mfano wa guta lililojaa viazi pale Magomeni, linataka kushuka Jangwani. Mteremko upo, lakini mbele ya gurudumu kuna tuta. Hapo ndipo peroksaidi ilipokwama.

Sasa dondosha kipande cha maini, ukubwa wa punje ya karanga. Haya, oneni! Povu linapanda hadi mdomoni mwa glasi. Shika glasi kwa nje: imepata joto. Joto hilo halikutoka kwenye maini, lilikuwemo kwenye peroksaidi tangu dukani. Ndani ya maini kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kiitwacho katalasi. Hakisukumi guta wala hakiongezi mteremko. Kinalichonga tuta lipungue tu. Molekuli yake moja huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde, na yenyewe inabaki. Povu likitulia, ongeza peroksaidi juu ya maini yaleyale. Linaanza upya.

Kipande cha pili nimekichemsha dakika 5. Kitie kwenye glasi nyingine ya peroksaidi. Hakuna kitu. Katalasi ni protini iliyokunjwa kwa namna yake, na moto ukiikunjua, pale inaposhikia peroksaidi panaharibika.

Twende kwenye bitiruti. Kata vipande vitatu vinavyolingana, suuza mpaka maji yatoke meupe, maana seli ulizozipasua kwa kisu zitakudanganya. Kimoja weka kwenye maji baridi, kingine maji ya moto, cha tatu maji baridi yenye kijiko cha sabuni. Subiri dakika 20.

Wakati tunasubiri: rangi ile imezuiwa ndani ya seli na utando wa fosfolipidi, yaani molekuli za mafuta zenye kichwa na mikia, zikiwa safu mbili, vichwa vinavyopenda maji vikiwa nje, mikia ya mafuta imejificha katikati. Mikia iliyonyooka hupangana ikabana. Yenye kona haibanani. Ndiyo maana mafuta ya nazi, yenye mikia mingi iliyonyooka, hapa kwetu yanamiminika lakini ukiyapeleka Njombe yanaganda, wakati ya alizeti hayana habari.

Dakika zimeisha. Maji baridi: waridi hafifu. Ya moto: mekundu kama juisi, kwa sababu joto limelegeza mafuta na kuharibu protini za utando. Ya sabuni nayo yamevuja, bila moto wowote, kwani sabuni ina kichwa na mkia kama fosfolipidi, hivyo inajipenyeza katikati yao.

Mwaga vyote kwenye sinki, na hayo maini usimpe paka.