Kuchora programu ya simu ya kazini, kuanzia fomu chafu hadi kitufe cha Tuma

Karibuni, karibuni sana. Leo tunachora programu ya simu ya kazini, na tunaichora kwa penseli. Kompyuta iko pale nyuma, imefungwa, na leo haifunguliwi. Mezani nina karatasi, rula, penseli, kifutio, maka peni moja nyeusi, simu yangu na hii fomu hapa.

Tuanze na fomu. Hii ni ya kupokea mzigo ghalani: gari linafika, mtunza ghala anahesabu katoni, anaandika, anasaini. Kazi yako wewe inaweza kuwa ukaguzi wa mashine, makabidhiano ya zamu, matengenezo, chochote kile, lakini karatasi yake lazima ipo mahali. Itafute. Na usichukue iliyo tupu! Chukua iliyojazwa, iliyokunjwa mfukoni, yenye alama za vidole. Nasogeza kamera... hapo. Unaona?

Fomu ina nafasi 19 za kujaza. Tazama hapa, "Hali ya ufungashaji". Mtu amepiga mstari tu. Karatasi ya pili, mstari. Ya tatu, mstari. Swali hili halijibiwi na mtu. Sasa njoo huku pembeni, mahali ambapo fomu haikuuliza kitu: ameandika kwa mkono, herufi ndogo ndogo, "2 zimelowa". Hiki ndicho alichohitaji kukisema na hakupewa nafasi. Mimi nikipewa fomu, nasoma pembeni kwanza. Humo ndimo nilimokuta vitu bora vya kila programu niliyowahi kuchora.

Haya, tunapunguza. Tarehe na saa, simu inazo, futa. Jina la mpokeaji, ameshaingia kwa jina lake, futa. Namba ya ghala na nyingine zote zinazojulikana tayari, futa. Ile hali ya ufungashaji, futa, na mahali pake tunaweka "zilizoharibika ngapi". Yamebaki matano: mzigo gani, katoni ngapi, zilizoharibika ngapi, picha, saini. Kutoka 19 hadi 5. Hatua hii haina ugumu, tusonge.

Kabla ya kuchora, nenda ukasimame na mtu anayeifanya kazi yenyewe. Simama naye zamu nzima ukiweza. Usimuulize anataka programu ya namna gani, maana atakutajia vitu alivyoona kwenye simu yake. Tazama mikono. Mkono gani uko huru? Amevaa glavu? Yuko juani au gizani? Na mtandao unakatikia wapi? Tembea na simu yako ukiangalia ile alama ya mtandao juu, na pale inapopotea weka alama kwenye karatasi. Ghala lenye kuta nene na rafu za chuma litakutolea alama nyingi. Zitunze hizo alama, tutazirudia.

Kuhusu mikono: mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu mitaani, vituoni, popote, na kati ya waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49 walikuwa wameishika kwa mkono mmoja. Hao hawakuwa wamebeba katoni. Kwa hiyo kitufe kikuu kinakaa chini, kidole gumba kinapofika.

Sasa tunachora. Weka simu juu ya karatasi, izungushie penseli pembeni. Ndiyo, ukubwa wake halisi. Usichore skrini kubwa kama dirisha, utajidanganya kwamba kila kitu kinaenea. Swali moja, skrini moja. Hapa juu jina la mzigo, hapa katikati namba, hapa chini kitufe.

Ukubwa wa kitufe: mwongozo wa Apple unasema kisipungue pointi 44 kwa 44, wa Google kwa Android unasema dp 48 kwa 48; pointi na dp ni vipimo vya ukubwa wa vitu kwenye skrini. Hicho ni kiwango cha chini. Kwa mtu wa glavu mimi nachukua rula na kuchora milimita 15, na nafasi wazi kati ya kitufe na kitufe. Na kwenye namba, usimpe kibodi yenye herufi zote. Mpe tarakimu peke yake, kubwa, na alama ya kuongeza na ya kupunguza pembeni.

Subiri. Samahani, nikiinyanyua simu hii nikuonyeshe mfano, kamera inaona mwanga wa dirisha tu. Ngoja niigeuze. Bado. Hata mimi hapa sisomi kitu. Basi acha hivyo hivyo, usikate, maana hiki ndicho kinachomkuta mtu akiwa mlangoni pa ghala saa sita mchana. Yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe yamepotea kabisa, yale meusi bado yanaonekana. Kanuni za WCAG, zile za kimataifa za kufanya kurasa na programu zitumike na kila mtu, zinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1, na kwa maandishi makubwa 3 kwa 1. Kwa kazi za nje, nenda juu zaidi ya hapo. Ndiyo maana nachorea maka peni nyeusi. Kijivu kinapendeza ofisini, lakini mtu wa mlangoni hakioni.

Haya. Sasa tumefika kwenye kitufe cha Tuma. Hapa naomba utulie, hapa twende polepole.

Niliwahi kuchora kitufe cha Tuma nikakiona ni kitufe kama vingine. Kisanduku, neno "Tuma", basi. Programu ikatengenezwa, ikapelekwa kazini. Mtandao ukawa mzito, mtu akabonyeza, hakuona mabadiliko. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu. Mzigo mmoja ukaingia kwenye hesabu mara tatu. Wengine walibonyeza, skrini ikawaandikia "Imetumwa", wakaichana karatasi yao, kumbe hakuna kilichofika popote. Watu walirudi kuhesabu katoni upya, usiku, baada ya zamu. Sijasahau sura zao.

Kwa hiyo, sikiliza. Usichore kitufe cha Tuma. Chora hali zake. Narudia: usichore kitufe, chora hali zake. Chukua karatasi tatu.

Ya kwanza: "Imehifadhiwa kwenye simu." Mtu akibonyeza tu, rekodi inaandikwa ndani ya simu kwanza, mtandao uwepo usiwepo; hapa ndipo zile alama zako za mtandao uliopotea zinapohusika. Na kitufe kibadilike papo hapo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 1993 kwamba hadi sekunde 0.1 mtu anaona jambo limetokea mara moja, na hadi sekunde 1 anaona kuchelewa lakini mawazo yake hayakatiki. Usiisubiri seva, yaani kompyuta ya mbali inayopokea rekodi, ndipo ubadilishe kitufe. Badilisha, kisha tuma.

Ya pili: "Inatumwa." Hapa kitufe hakibonyezeki tena, na mtu yuko huru kuendelea na mzigo unaofuata. Usimfungie skrini na kile kiduara kinachozunguka.

Ya tatu: "Imepokelewa." Neno hili linaandikwa pale tu seva inapojibu. Nasema tena: pale tu seva inapojibu. Sio simu inapomaliza kutuma, ni seva inapojibu.

Bado, usiondoke. Kuna namba ya utambulisho. Kila rekodi ipewe namba yake ya pekee, na namba hiyo itengenezwe na simu wakati fomu inafunguliwa. INAPOFUNGULIWA. Ukiitengeneza wakati wa kubonyeza Tuma, kila bonyezo litazaa namba mpya, na umerudi kwenye mzigo mmoja mara tatu. Ikiwa namba ni ile ile, seva ikiiona mara ya pili inajibu tu "nimeshapokea" na haiandiki rekodi mpya. Andika sentensi hiyo kwenye mchoro wako, kwa mkono, pembeni ya kitufe, ili mtengenezaji aikute. Mimi naandika na mshale. Hivi. Nakoleza tena. Sawa.

Na saa: hifadhi zote mbili, saa ya simu wakati wa kujaza na saa ya seva wakati wa kupokea. Simu ikiwa na saa mbovu, utajua.

Ruhusa, kwa haraka. Kamera iombwe pale mtu anapogusa "Picha", isiombwe siku ya kwanza anapofungua programu. Mahali alipo mtu, usiombe kama kazi haihitaji. Na kama inahitaji, programu iache kusoma mahali alipo zamu inapoisha. Hapa sina mjadala: anakoenda mtu baada ya kazi hakumhusu mwajiri.

Majaribio. Chukua karatasi zako, tafuta watu 5 wanaoifanya kazi hiyo. Watano wanatosha kwa duru moja, kisha unarekebisha na kuita watano wengine. Weka skrini ya kwanza mbele yake, mpe kazi: "Gari limefika, katoni 40, 2 zimelowa." Agusapo kwa kidole, wewe unabadilisha karatasi. Halafu nyamaza. Kunyamaza ni kugumu, shika penseli kwa mikono miwili ikibidi. Kidole kikining'inia hewani bila kushuka, weka alama hapo, kuna neno halieleweki.

Sasa la mwisho. Kwenye simu hii kuna programu iliyotengenezwa kutokana na michoro kama hii hii. Nimeigeuzia kivulini, unaona vizuri? Naweka hali ya ndege. Katoni 40, zilizoharibika 2, Tuma. "Imehifadhiwa kwenye simu." Nazima simu kabisa... naiwasha... inachukua muda, tuvumiliane. Rekodi ipo. Naondoa hali ya ndege. "Inatumwa." Mtandao wa hapa mzito kweli leo, afadhali. Naifunga programu katikati ya kutuma, makusudi, naifungua tena, inatuma upya. "Imepokelewa." Sasa nafungua orodha ya seva: mzigo mmoja, katoni 40, mara moja.