Barakoa ya Jacques Plante: mhadhara kuhusu kipa wa hoki ya barafuni

Ndugu wasikilizaji, kabla hatujamtaja mtu, tukitazame kwanza kitu kilichokuwa kikimpiga. Hoki ya barafuni haichezwi kwa mpira wa duara. Huchezwa kwa kisahani cha mpira mweusi mgumu, unene sentimita 2.5, upana sentimita 7.6, uzito kati ya gramu 156 na 170. Kabla ya mechi hugandishwa, maana kikiwa na joto hudundadunda na gongo, ile fimbo ya mchezaji, halikitawali. Kikishaganda huteleza vizuri, ila kikikupata usoni hakina tofauti na jiwe.

Jacques Plante alikaa mbele ya kisahani hicho tangu miaka ya hamsini mwanzoni hadi 1975. Alizaliwa mwaka 1929 huko Quebec, upande wa Kanada unaozungumza Kifaransa, mtoto wa kwanza kati ya 11. Pumu ndiyo iliyompeleka golini: hakuweza kuteleza kwa kasi kwa muda mrefu. Nyumbani hali ilikuwa duni, akajifunza kufuma, na hata alipokuwa nyota alifuma kofia zake za sufi mwenyewe. Timu yake kwa miaka mingi ilikuwa Montreal Canadiens. Akiwa nayo alitwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini (NHL), mara sita: 1953, kisha mara tano mfululizo kuanzia 1956 hadi 1960.

Sasa, kwa nini makipa, watu wazima wenye akili zao, walisimama pale uso mtupu? Jibu la haraka ni ujasiri, na makocha walipenda lisemwe hivyo. Mimi nasema ilikuwa habari ya ajira. Ligi ilikuwa na timu sita tu, na kila timu ilivalisha kipa mmoja. Hesabu yake ni nafasi sita za kipa wa daraja la juu, huku ligi za chini zikiwa zimejaa vijana wanaozitamani. Katika hali hiyo kipa anayetaka kujikinga anaambiwa ameanza kuogopa, naye anajua maana ya kuambiwa hivyo. Glenn Hall wa Chicago alicheza mechi 502 za ligi mfululizo bila barakoa, na alikuwa akitapika kabla ya kuingia uwanjani. Huyo ndiye aliyeitwa imara.

Barakoa yenyewe haikuwa wazo geni. Kipa Clint Benedict alivaa ya ngozi mwaka 1930 baada ya kupasuliwa uso, akaiacha baada ya mechi chache kwa sababu ilimzuia kuona. Plante naye alivunjwa mfupa wa shavu mara mbili mazoezini, akaanza kuvaa barakoa mazoezini tu. Kocha wake, Toe Blake, hakutaka kuiona siku ya mechi.

Aliyemtengenezea iliyofaa ni Bill Burchmore, mtu wa kiwanda cha faibaglasi. Mafundi wa boti watanielewa upesi, kwani kazi ni ileile. Kwanza huchukuliwa sura ya mtu: kichwani anavishwa soksi ya kike, usoni anapakwa mafuta mazito ili plasta isimnate, puani anatiwa mirija ya kupumulia, kisha anamwagiwa plasta. Ikishakauka inavuliwa, inajazwa, unapata kichwa bandia. Juu ya kichwa hicho unapanga kitambaa cha nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, kila moja likilowa resini, gundi inayokauka na kuwa ngumu. Ikigumu unatoboa macho, mdomo na matundu ya hewa. Iliyotoka ilikuwa na unene wa milimita 3 hivi, uzito kama gramu 400, rangi ya ngozi ya mwenyewe. Kwa mbali ungedhani mtu hana sura.

Tarehe 1 Novemba 1959, New York, uwanja wa Madison Square Garden. Kipindi cha kwanza kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza Andy Bathgate wa Rangers, timu ya New York, alipoinua kisahani, kikampata Plante puani na shavuni. Akatoka akivuja damu, akashonwa nyuzi saba. Hapo akamwambia Blake kwamba harudi bila barakoa.

Angalieni hapa vizuri. Blake hakuwa na kipa wa pili. Kanuni ya wakati huo iliitaka timu mwenyeji iweke mtu wa akiba jukwaani kwa ajili ya upande wowote, na mtu huyo kwa kawaida alikuwa wa ridhaa tu. Ule uchache wa nafasi uliowanyima makipa sauti ndio uliompa mmoja wao, kwa usiku huo, sauti kuliko kocha. Plante akarudi na barakoa, Montreal ikashinda 3-1.

Makubaliano yalikuwa aivae mpaka kidonda kipone. Lakini timu iliendelea kushinda, na kocha gani atagusa kinachoshinda? Machi 8, 1960, kwa ombi la Blake, aliivua akacheza na Detroit. Wakafungwa 3-0. Mechi iliyofuata akaivaa tena, na kwenye mtoano walishinda mechi zote nane.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa hoki humkumbukia, nalo ni kutoka golini. Wapinzani walizoea kutupa kisahani kwenye kona na kukikimbilia. Plante alitoka, akakizuia kwa gongo lake nyuma ya lango, akamwachia beki au akampasia mwenzake moja kwa moja. Beki aliepushwa kugeuka na kubamizwa kwenye ubao unaozunguka uwanja. Hatari yake iko wazi: kisahani kikimgonga mtu kikarudi, lango li tupu, na lina upana wa mita 1.83. Wakubwa wa timu walikunja nyuso, ila leo kila kipa anafundishwa hivyo.

Mwaka 1963 alihamishiwa New York, 1965 akastaafu, 1968 akarudi uwanjani na timu ya St. Louis. Msimu wa 1968-69, akiwa na miaka 40, aligawana tuzo ya Vezina, ambayo ni ya makipa, na Glenn Hall yuleyule wa kutapika. Ilikuwa Vezina yake ya saba.

Barakoa za namna ile zilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza, zilikaa juu ya ngozi. Faibaglasi hutawanya pigo lakini hailifuti, na pasipo na nafasi kati yake na mfupa, mtu bado huchanika na kuzimia. Katika fainali ya 1970 dhidi ya Boston kisahani kilimgonga Plante kwenye barakoa akapoteza fahamu. Mwenyewe alisema bila hiyo angekufa. Ya pili ni matundu ya macho. Ukiyafanya madogo, kipa hakioni kisahani kilicho miguuni pake. Ukiyapanua, ncha ya gongo inapita.

Baadaye, akiwa timu ya Toronto, Plante alimfundisha kipa kijana aitwaye Bernie Parent: asimame wapi, atoke lini. Kijana akaenda Philadelphia, akatwaa makombe ya 1974 na 1975. Tarehe 17 Februari 1979 gongo lilipita kwenye tundu la barakoa yake likaliumiza jicho la kulia. Alikuwa na miaka 33, na hakucheza tena. Makipa wakazidi kuhamia kwenye kofia ngumu zenye kimia cha chuma mbele, chuma kikiwa mbali kidogo na uso.